Bei Iko Inboksi: Tunatangaza Jina, Tunaficha Kitu

Wenzangu muliokwisha kupata diploma, na ninyi mulio bado ku oditwari, leo nataka tuongee juu ya kitu tunachokiona kila siku kwenye simu na hatukisemi. Kila mara promosio moja ikimaliza universite, Facebook inajaa kurasa mpya. Huyu amefungua marki ya juisi, yule ya sabuni, mwingine ya nguo, mwingine anauza kahawa ya Idjwi au ya Kalehe. Mimi nafurahi kabisa. Serkali haiajiri, ONG zinaomba uzoefu wa miaka mingi kwa mtu aliyemaliza jana, basi kijana anayejitengenezea kazi anastahili heshima. Ninalaiki, ninapartaje, na nikiwa na franga ninanunua.

Lakini nimezisoma kurasa hizo sawa vile tulifundishwa kusoma kitabu, mstari kwa mstari, na naona karibu zote zina ugonjwa mmoja. Tunatangaza jina, tunaficha kitu.

Tuchukue tangazo moja. Si la mtu fulani, ni la sisi sote. Nikilieleza, kila mmoja atafikiri ninamsema rafiki yake. Juu kuna logo: simba au tai, rangi ya dhahabu juu ya nyeusi. Chini yake kuna jina linalomalizika na «Groupe», ingawa kundi lote ni mtu mmoja na mdogo wake. Kisha slogani ya Kifaransa inayosema kwamba ubora ndio jambo lao la kwanza. Picha ya chupa imetolewa Google. Nyuma yake unaona jiko ambalo haliko Goma wala Bukavu. Kando kuna picha ya mwenyewe, koti na kravati, mikono imekunjwa kifuani, na cheo chake: PDG. Mwishoni: «Bei iko inboksi.»

Sasa lisome sawa mama wa Ndosho anayetafuta sabuni ya kufulia. Mama huyo ana maswali manne tu. Hiki ni kitu gani? Bei ngapi? Nitakipata wapi? Kikiwa kibaya, nani atanijibu? Tangazo limejaa rangi na halikujibu hata swali moja. Kitu kimoja tu ndicho mama amejua: kuna kijana mahali fulani anayependa aitwe PDG.

Tuanze na hiyo bei. Najua vile tunajitetea. «Ku soko pia bei haiandikwe, mutu anauliza, munaelewana.» Ni kweli. Ku Kadutu au ku soko ya Virunga, mama hakuandika bei juu ya nyanya zake. Lakini fikiri kidogo juu ya kile kinachokuwa mbele ya macho yako pale sokoni. Unaziona nyanya. Unazishika, unazigeuza, unatafuta iliyooza chini. Unamwona mama mwenyewe, unajua anakaa pale kila siku, na jirani yake anakusikia. Una vitu vingi mkononi, kwa hiyo bei inaweza kungoja. Kwenye simu huna chochote. Hushiki, hunusi, humjui muuzaji. Una maneno tu na picha. Muuzaji akiondoa bei katika maneno hayo, anakunyang'anya kimoja cha vitu vichache ulivyobakia navyo. Halafu anashangaa: «Batu banalaiki tu, habauze!»

Tena kuna jambo tunaloliogopa kulisema. Bei ikifichwa, mteja anafikiri itapimwa kwa sura yake. Utaingia inboksi, muuzaji ataangalia kwanza picha yako ya profili, aone kama una gari nyuma yako, kisha atataja bei. Inawezekana si kweli kwa biashara yako. Lakini mteja ndivyo anavyofikiri, na ana sababu: katika miji yetu ni nani hajasikia habari ya mtu aliyetuma franga kwa M-Pesa au Airtel Money, na dakika ileile akablokiwa? Mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka anakimbia kamba. Sisi tunamtupia kamba gizani, kisha tunamlaumu kwa kukimbia.

Wengine wanasema: dola inapanda, inashuka, nikiandika bei leo kesho itakuwa uongo. Andika tarehe. «Bei ya wiki hii.» Hata wabadilisha pesa wa barabarani, ambao kazi yao yote ni dola kupanda na kushuka, ukiwauliza kiwango cha leo wanakuambia palepale.

Mazoea haya ya kutupa jina hewani yametoka wapi? Naona yametoka mbali, kabla ya Facebook. Sisi ni watoto wa mabanga. Katika muziki wa Congo, mtu analipa, mwanamuziki anataja jina lake ndani ya wimbo; kwa Kilingala wanaita hiyo kutupa jiwe. Kampuni kubwa nazo ziliingia. Miaka ya 2000 kule Kinshasa, Bralima yenye Primus na Bracongo yenye Skol zilivutana kupitia wanamuziki wakubwa, kila moja na watu wake wa kuiimbia. Tulikua tukisikia majina ya watu na ya bia yakipita katikati ya mapenzi na machozi, na tukaelewa kwamba kutajwa ndiyo kufanikiwa.

Lakini tuliangalia nusu ya mambo. Jina la Primus lilipoimbwa, Primus yenyewe ilikuwa tayari ndani ya depo, ndani ya nganda, ku avenyu moja na ingine. Kila mtu aliijua ladha yake na bei yake. Wimbo ulikuwa unakumbusha tu. Mtu akisikia, anavuka barabara, anakunywa. Wewe na mimi tunachukua nusu ile ya kelele na kuiacha nusu ya depo. Tunakumbusha watu kitu ambacho hawajawahi kukijua.

Sasa angalia upande mwingine: fromage ya Masisi. Nani katika Kivu haijui? Duara ile ya njano, inauzwa ku butike, ilikuwa inabebwa ndani ya ndege mpaka Kinshasa, ambako wengi wanaiita jibini ya Goma. Jina hilo halikujengwa na ukurasa wa Facebook. Limejengwa na malisho ya milimani, na watu wanaoitengeneza mwaka kwa mwaka, na walaji wanaoionja. Ukienda kuinunua, utasikia swali: «Iko ya Masisi ya kweli?» Swali hilo ndilo marki. Siku watu watauliza kama sabuni yako ni yako ya kweli, ujue una marki. Kabla ya siku hiyo una logo.

Sisemi mitandao haifai. Haki inataka nitoe mfano wa kwetu ambapo ilitumika vizuri, na uko karibu sana, Rumangabo. Mwezi wa Aprili 2019, mlinzi wa Mbuga ya Virunga, Mathieu Shamavu, alijipiga selfi katika kituo cha Senkwekwe. Nyuma yake gorila wawili, Ndakazi na Ndeze, wamesimama wima sawa wageni wa arusi wanaongoja fotografa. Picha ile ilizunguka dunia nzima. Mbuga ilikuwa imefungua tena milango kwa watalii mwezi wa Februari mwaka huo, baada ya kuifunga 2018 kwa sababu ya mauaji na utekaji. Kwa lugha ya biashara, ilikuwa inahitaji kusikika.

Wengi wanafikiri picha ile ilifaulu juu ya bahati, au juu ya gorila kuchekesha. Mimi naona mambo matatu. La kwanza: ilionyesha kazi. Hakukuwa logo wala kravati. Kulikuwa mtu ndani ya nguo zake za kazi, mahali pa kazi, na wale anaowatumikia. Kila mtu aliyeitazama alielewa bila tafsiri: huyu anaishi na gorila hawa, na wamemzoea.

La pili: watu walipouliza kama ni ya kweli, mbuga ilijibu, na ilijibu kwa urefu. Ndiyo, ni ya kweli. Gorila hawa ni yatima. Mama zao waliuawa 2007, wakaokotwa wakiwa watoto wachanga, wakalelewa na watu. Na hapo mbuga iliongeza kitu ambacho sisi hatungethubutu: iliwaambia watu kwamba hiyo ni hali ya pekee, na kwamba kumkaribia gorila wa porini hairuhusiwi hata kidogo. Yaani, wakati dunia nzima inapiga makofi, waliweka mpaka. Kijana wetu mwenye juisi angeona mamilioni ya watu wanakuja, angeandika «Karibuni wote, selfi na gorila, bei iko inboksi». Lakini maneno yale ya kuweka mpaka ndiyo yaliyoifanya mbuga iaminike. Mtu anayekuambia kitu chake hakiwezi kufanya nini, unamwamini zaidi anapokuambia kinaweza kufanya nini.

La tatu: waliendelea. Aliyeingia kupitia picha ile alikuta mahali pa kufikia, habari za gorila, za walinzi, njia ya kusaidia, vyote mahali ambapo ni pa mbuga yenyewe. Picha ilikuwa barabara, na barabara ilikuwa na nyumba mwishoni. Na Septemba 2021 Ndakazi alipokufa, akiwa mikononi mwa André Bauma, mlezi aliyekuwa naye tangu alipookotwa, mbuga haikujificha. Waliosimuliwa kicheko walisimuliwa pia msiba.

Lakini tusidanganyane na hapa. Tarehe 24 Aprili 2020, mwaka mmoja baada ya selfi ile, walinzi 12 waliuawa karibu na Rumangabo hiyohiyo, pamoja na raia. Umaarufu wa picha haukuzuia risasi. Nasema hivyo si kwa kutia huzuni bali kwa sababu kuna walimu wa intaneti wanaozunguka katika miji yetu, wanauza formasio za wikendi na kuahidi kwamba ukijulikana, mambo yote yatajipanga. Hapana. Kujulikana ni kujulikana tu. Kile kilicho nyuma ya picha, kazi, hatari, gharama, kinabaki pale vilevile.

Sasa turudi kwa juisi yetu. Kuna mwenzangu wa promosio anayetengeneza maracuja hapa mjini. Ukurasa wake ulikuwa sawa lile tangazo nililoeleza, simba na dhahabu. Siku moja dada yake mdogo, bila kuomba ruhusa, alimfilimu akiosha chupa asubuhi: maji yanachemka, chupa zinatumbukizwa, mikono ina glavu, redio inaimba nyuma. Video ya dakika moja, inatikisika. Akaiweka kwa statisi ya WhatsApp, akaandika bei ya chupa ndogo na ya kubwa, na mahali: mbele ya famasi, kuanzia saa nne. Mwenzangu alikasirika. Alisema imemshushia hadhi, PDG anaosha chupa! Lakini siku zile zile wakaanza kuja watu ambao hakuwafahamu, na wengi walimwambia neno moja: «Tuliona vile unasafisha.» Hakutajirika. Anauza zaidi kidogo, na sasa swali analoulizwa mara nyingi ni: «Kesho unafungua saa ngapi?» Mimi swali hilo nalithamini kuliko laiki zote.

Video ile ilijibu swali la mama wa Ndosho ambalo hakuna slogani inayoweza kulijibu. Juisi katika miji yetu, mtu wa kwanza anaogopa tumbo. Hakuna anayenunua «ubora». Ananunua kutougua. Onyesha maji yakichemka.

Na lugha? Hapa nina ugomvi na sisi wasomi hasa. Tunauza kwa watu wanaopatana bei kwa Kiswahili, wanaoapa kwa Kiswahili, wanaokemea watoto kwa Kiswahili, Kishi au Kinande, na tunawatangazia kwa Kifaransa cha utangulizi wa memuari. Kwa nini? Kwa sababu tangazo letu halikuandikwa kwa mteja. Limeandikwa kwa wenzetu wa promosio, waone kwamba tumefika. Angalia komente chini yake: «Courage mkubwa», «Proud of you», «PDG mwenyewe». Pongezi tupu. Hakuna anayeuliza bei, kwa sababu hakuna mnunuzi pale. Ni maonyesho ya diploma yaliyovaa nguo za biashara. WhatsApp ina sauti. Mama asiyesoma anaweza kusikiliza ujumbe wa nusu dakika kwa lugha yake. WhatsApp Business ilikuja 2018, haikulipishi kuiweka, na ndani yake kuna katalogi ya kupangia vitu vyako na bei zake. Ni wangapi kati yetu wameijaza kabla ya kulipa mtu wa kuchora simba?

Halafu kuna kubusta. Wengi wetu hatuna karte ya benki inayokubaliwa na Facebook, basi tunampa franga mtu mwenye nayo, anatubustia. Tunarudi na idadi: watu elfu fulani wamefikiwa. Wamefikiwa wapi? Kama hukuchagua mji wako, utakuwa umemwonyesha maandazi ya Goma mtu wa Matadi. Na wengine wananunua wafuasi. Hii ni mbaya zaidi ya hasara, juu inaharibu hata kile kidogo ulichokuwa nacho. Mwezi wa Januari 2018 Facebook yenyewe ilitangaza kwamba itatanguliza habari za ndugu na marafiki, na zile zinazoleta mazungumzo, mbele ya zile za kurasa za biashara. Sasa wafuasi ulionunua hawaongei. Hawaulizi, hawajibu, hawapartaje. Umejaza nyumba na sanamu, kisha unalalamika kwamba hakuna anayecheza.

Na tusisahau kwamba nyumba yenyewe si yetu. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi yetu, na ilirudi karibu na 20 Januari. Siku karibu 20. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja dunia nzima kwa saa 6 hivi. Sisemi juu ya vita, foleni za umeme, na mega zinazoisha katikati ya mwezi. Munavijua kuliko mimi. Swali langu kwa kila PDG ni hili: siku ukurasa haupo, wateja wako uko nao wapi? Kama huna daftari lenye majina, namba za simu, nani alinunua nini na lini, basi huna wateja. Facebook ndiyo ina wateja, wewe unakopeshwa.

Kwa nini ninaandika kwa ukali hivi juu ya kitu kinachoonekana kidogo? Kwa sababu ninajua franga hizo zinatoka wapi. Mtaji wa sabuni ile ni likelemba ya mama. Mtaji wa juisi ile ni dola 200 za mjomba aliye Canada, ambaye hatatuma mara ya pili. Kijana anapozimaliza kwa logo, kubusta na formasio za wikendi, halafu anafunga ukurasa kimya kimya, nyumbani hawasemi «tangazo lilikuwa baya». Wanasema «masomo haisaidie kitu». Na mdogo wake aliye darasa la tano anasikia. Hiyo ndiyo bei ya kweli ya «bei iko inboksi», na haiandikwi popote.

Basi mimi napendekeza kipimo kimoja kwa ukurasa wowote wa mwenzetu, na munaweza kuanza na wa kwenu usiku huu. Mpe simu mtu mzima wa nyumbani asiyejua biashara yako: shangazi, jirani, mlinzi wa palselo. Mwonyeshe tangazo lako la mwisho, umnyamazie, kisha umuulize: nauza nini, bei gani, unanipata wapi, na ungeniamini kwa nini? Akijibu yote manne, endelea na kazi, hata kama una wafuasi hamsini tu. Akikuambia «naona umevaa vizuri», shusha simba huyo, chemsha maji, na uite mdogo wako aje kufilimu.